Pasipo, Kusiko, Musimo

Mteja anataka kitabu kabla ya Julai:
karne tano za Waingereza na nchi zao za ndoto,
mkusanyo mmoja, kurasa mia sita na kitu,
nusu ya malipo sasa, nusu nikimaliza.
Nimekwama kwenye neno la kwanza.

Ni jina la kisiwa. Kwao ni mahali pema
au mahali ambapo hapapo,
inategemea sikio lako.
Kiswahili hakina haraka hiyo. Kinaniuliza kwanza:
ni pale, ni kule, au ni mle?
Pa ya kidole kinachogusa meza,
ku ya mkono unaopungia upande wa Ngong,
mu ya aliyekwisha kufungiwa mlango.

Niliandika Pasipo.
Jirani yangu Wakesho akachungulia, akacheka:
"Pasipo nini? Pasipo maji?"
Hapa Umoja maji huja Jumanne na Ijumaa,
Mutinda akikumbuka kufungua.
Nikafuta.

Nikaandika Kusiko.
Likakaa vizuri karne mbili tatu.
Baharia hurudi amekonda, amejaa habari:
huko hakuna kufuli, huko wote hula meza moja,
huko mfalme hupalilia kunde zake mwenyewe.
Sikuona popote anayeosha vyombo vya meza hiyo.
Nililiandika swali pembeni, kwa penseli,
nikaendelea. Mtafsiri halipwi kuuliza.

Kisha visiwa vikaisha, kila kimoja kimechomekwa bendera,
akaja bwana wa kulala. Alilala kitandani kwake
akaamka karne ya pili, mitaa imepigwa deki,
hakuna masizi, hakuna maskini,
na mwenyeji mpole wa kumweleza yote
kwa kurasa arubaini.
Nilisinzia naye. Nilipozinduka
ilikuwa Nairobi ileile, stima imepotea.

Na mji huu nao ulianza hivyo, karatasini.
Mtu mwenye rula na wino wa rangi aliketi akaota:
huku mlimani hewa safi na mawaridi,
hapa reli,
na kule chini, penye udongo mweusi usionywa maji,
vyumba vya watu wa kuja kufanya kazi tu.
Babu yangu Achitsa aliishi ndani ya ndoto ya mtu.
Alivaa kipande shingoni, kwenye kijisanduku cha bati,
na hadi anakufa alikuwa akijipapasa kifua
kila apitapo askari.

Kwa hiyo nilipofika kwenye watu wa namba
na kuta zenye masikio,
mteja akapiga simu: "Hapo tafuta maneno ya kutisha."
Sikutafuta. Yalikuwa kabatini, yamekunjwa:
kipande, kafyu, msako, kizuizi.
Wao waliyabuni kama jinamizi la kesho,
sisi tulikuwa nayo kwenye risiti za jana.

Wiki iliyopita walipita vijana na ndoo ya rangi,
wakachora X nyekundu kwenye kibanda cha Wakesho,
juu ya mlango, anapotundika makoti ya watoto.
Barabara inakuja. Bango lake limetangulia:
minara ya vioo, miti ya kimo kimoja,
watu weupe kutushinda kidogo, wakitembeza mbwa.
Wakesho alisimama mbele yake, mfuko wa sukari mkononi,
akalisoma kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo ya mtihani.
"Mimi niko wapi hapa?"
Hapo haupo, nikamwambia.
"Basi si ndilo neno lako hilo?"

Musimo, nilijaribu usiku ule.
Mle ambamo hamna mtu.
Lilisikika kama nyumba iliyohamwa,
msumari wa kalenda bado ukutani.
Sikulifuta, wala sikulipiga chapa.

Leo ni Ijumaa. Bomba linakohoa,
Wakesho anapanga ndoo kwenye ngazi, zake na zangu.
Ukurasa wa kwanza una pengo upana wa kidole gumba,
na Julai hiyo, inakuja.